Presha Iliyokataa Kupanda: Usiku wa Mgonjwa Aliyezidisha Metformini

Alifika idara ya dharura kwa miguu yake mwenyewe, ameshikwa mkono na binti yake, na alipoketi kitandani alinisalimu vizuri tu, kisha akaomba radhi kwa kutusumbua usiku. Ilikuwa saa tatu usiku. Kiasi cha saa tatu kabla ya hapo, katika siku aliyokuja kuniambia baadaye kwamba ilikuwa ndefu kuliko zote maishani mwake, alikuwa amemeza vidonge vyake vya kisukari kupita kipimo, kisha akajuta na kumwita binti yake. Idadi ya vidonge sitaiandika hapa, kwa sababu haimsaidii msomaji yeyote. Inatosha kusema kwamba dawa ilikuwa metformini, dawa inayotumiwa na mamilioni ya watu kila siku bila madhara makubwa, na kwamba kiasi alichomeza kilikuwa kikubwa mno.

Vipimo vya mwanzo havikumtisha mtu. Presha ilikuwa 128 kwa 76, mapigo ya moyo 104, oksijeni asilimia 98, na sukari 7.2. Alikuwa ametapika mara mbili na tumbo lilimuuma. Saa ya kwanza, ambayo ndiyo mkaa wa dawa, ule unaonyonya sumu tumboni, hufaa zaidi, ilikuwa imekwisha kupita, na kwa kuwa aliendelea kutapika hatukumpa. Kipimo cha gesi za damu kilionyesha pH, namba ambayo kadiri inavyoshuka ndivyo asidi ya damu inavyozidi, ya 7.33, na asidi ya laktiki, ambayo katika karatasi za maabara huandikwa lakteti, ilikuwa 4.8, wakati kwa mtu mzima asiyeumwa huwa chini ya 2. Niliandika: maji ya mshipani, sukari ipimwe kila saa, lakteti irudiwe baada ya saa sita. Nikaenda kwa wagonjwa wengine.

Zile saa sita ndizo ninazotaka kuzieleza, kwa sababu ndizo zilizonifunza. Nilifikiri kama mtu anayetibu dawa ya kisukari, yaani niliitazama sukari, nikaiona nzuri, nikatulia. Kama vidonge vile vingekuwa glibenklamidi au dawa nyingine ya kundi lake, ambayo huisukuma kongosho imwage insulini, hofu yangu ya kwanza ingepaswa kuwa sukari kushuka hadi mgonjwa apoteze fahamu. Metformini haifanyi hivyo. Yenyewe mara nyingi huiacha sukari mahali pake huku ikiharibu mambo mahali pengine kabisa, na daktari anayekesha akiisubiri sukari ishuke anaweza kukuta presha imekwenda.

Saa saba usiku muuguzi wa zamu alinifuata hadi kitanda kingine. Hakupiga kelele, alisema tu, "Daktari, njoo umwone yule mama. Anapumua kama mtu aliyetoka kukimbia, na mwenyewe bado anasema hajambo."

Nilimkuta ameketi, amejiegemeza kwenye mito, kifua kinapanda na kushuka kwa kina, mara 36 kwa dakika. Mashine ilionyesha oksijeni asilimia 99, namba nzuri ambayo ingemdanganya yeyote anayetazama kioo badala ya kumtazama mgonjwa. Pumzi zile hazikuwa za kutafuta oksijeni. Mwili ulikuwa umejaa asidi na ulikuwa unajitahidi kuitoa kwa njia pekee ya haraka uliyobaki nayo, yaani kupumua nje hewa ya kaboni. Mikono yake ilikuwa ya moto na mishipa ya viganjani imejaa. Nilipomshika, aligeuza uso kuelekea sauti yangu, akauliza, "Mbona mmezima taa?"

Taa zote zilikuwa zinawaka. Saa kubwa ya ukutani ilikuwa mbele yake, na alikuwa haioni.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba asidi kali ya damu inayotokana na metformini inaweza kumpofusha mtu kwa muda, na kwamba macho hurudi asidi ikiondoka. Kusoma ni jambo moja. Kusikia swali lile likiulizwa kwa sauti ya upole, na mtu anayengoja ujibu, ni jambo jingine. Nilimwambia, "Taa zinawaka, mama. Ni ile dawa inayokusumbua macho, na tunaishughulikia." Kipimo cha gesi kilirudi baada ya dakika chache: pH 7.08, lakteti 17. Presha, iliyokuwa 128 kwa 76, sasa ilikuwa 82 kwa 34.

Hapo ndipo mgonjwa alipokuwa ameingia katika hali ambayo sisi katika tiba huiita mshtuko. Neno hili huwachanganya watu, kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida mshtuko ni wa moyo wa hofu, wa mtu aliyepokea habari mbaya. Mshtuko wa kitabibu ni pale mzunguko wa damu unaposhindwa kufikisha kwenye viungo kile kinachohitajika, hata ubongo, figo na ini vikaanza kuzimika. Sababu zake ni nyingi: damu kumwagika, moyo kushindwa kusukuma, maambukizi makali, au mishipa kulegea. Wa mama huyu ulikuwa wa mishipa. Tulipoutazama moyo kwa ultrasaundi ulikuwa unapiga kwa nguvu zote, vyumba vyake vikibanwa hadi karibu kugusana, ila damu iliyotoka humo ilikuwa inaingia katika mishipa iliyotanuka na kukataa kujikaza. Ni kama kusukuma maji kwenye mpira uliotanuka mara tatu ya upana wake: pampu nzima, maji yapo, na bado upande wa pili yanachuruzika tu.

Kwa nini dawa ya kisukari ifanye hivi? Ndani ya seli zetu kuna vinu vidogo vinavyoitwa mitokondria, ambamo chakula na oksijeni hugeuzwa kuwa nguvu. Metformini hupunguza kasi ya hatua ya kwanza ya kazi hiyo. Kwa kipimo cha kawaida breki hii ni ndogo na ina faida, kwa kuwa ini huacha kutengeneza sukari nyingi na kisukari kikatulia. Dawa ikizidi mno breki inakandamizwa hadi chini. Seli zinalazimika kujipatia nguvu kwa njia ya zamani isiyohitaji oksijeni, njia inayoacha asidi ya laktiki kama majivu, na ini, ambalo kwa kawaida huyazoa majivu hayo na kuyarudisha kuwa sukari, ndilo lililofungwa mikono na dawa ileile. Asidi inapanda kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Kisha presha ikishuka, figo zinakosa damu, na figo ndiyo njia pekee ya maana ya metformini kutoka mwilini, maana haivunjwi na ini hata kidogo, hutoka na mkojo ikiwa kama ilivyoingia. Figo zikilala, dawa inabaki. Dawa ikibaki, asidi inaongezeka. Asidi ikiongezeka, presha inazidi kushuka.

Tulianza na yale ambayo kila daktari wa wagonjwa mahututi huanza nayo. Maji ya mshipani, lita mbili, kisha ya tatu kwa tahadhari. Viuavijasumu, kwa sababu sura ile ya mikono ya moto na presha iliyoanguka ndiyo sura ya maambukizi ya damu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuapa kwamba hana. Damu ilipelekwa kupimwa parasetamoli na sumu nyingine, kwa kuwa mtu aliyekata tamaa hamezi kila mara kitu kimoja. Noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa ili presha ipande, ikaanzishwa kwa mashine, mikrogramu 0.1 kwa kila kilo kwa dakika, ikapandishwa 0.3, ikapandishwa 0.6, ikafika 1. Kwa mgonjwa wa kawaida wa presha ya chini, kiwango hicho kingeipaisha. Presha yake ya wastani ilibaki 48, na tunachotaka ni angalau 65.

Nilikaa nikiitazama ile namba kwa dakika ambazo leo naziona zilikuwa nyingi mno. Kila mara ilipokataa kupanda nilinyoosha mkono kwenye mashine ya noradrenalini, kana kwamba tatizo lilikuwa uchache wa dawa. Halikuwa hilo. Katika damu yenye asidi kali, milango ya seli ambayo noradrenalini hubisha hodi inakuwa mizito kufunguka. Misuli ya kuta za mishipa hufungua njia za potasiamu zinazoifanya isiweze kukaza. Juu ya hayo, mwili huzalisha naitriki oksaidi kwa wingi, gesi ambayo kazi yake ni kuiamuru mishipa ilegee. Unaweza kumimina noradrenalini hadi vidole vya miguu viwe vyeusi, na presha isikusikie, mpaka asidi na dawa iliyoileta viondolewe.

Anayeondoa hivyo viwili kwa pamoja ni mashine ya kusafisha damu, ileile ya wagonjwa wa figo. Molekuli ya metformini ni ndogo, uzito wake kama 129, na haijishikizi kwenye protini za damu, kwa hiyo hupita kwenye kichujio bila taabu. Maji ya mashine yana baikaboneti, kwa hiyo asidi nayo inarekebishwa damu inapopita. Kundi la kimataifa la wataalamu wa kusafisha damu katika sumu, EXTRIP, lilichapisha mapendekezo yake kuhusu metformini mwaka 2015, na ni mepesi kukumbuka: safisha damu ikiwa lakteti imepita 20, au pH imefika 7.0 au chini, au matibabu ya kawaida yameshindwa. Lakteti kati ya 15 na 20, au pH kati ya 7.0 na 7.1, tayari ni sababu ya kuipendekeza. Mgonjwa mwenye mshtuko, figo zilizofeli au fahamu zinazopungua hangojewi afike mwisho wa mizani hiyo.

Saa tatu usiku mama yule hakuwa na hata kimoja katika hivyo, na sidai kwamba ilipasa aunganishwe na mashine dakika ile. Kosa langu lilikuwa mahali pengine. Nilijua alimeza kiasi gani, nilijua dawa hii huchukua saa kadhaa kabla ya kuonyesha meno yake, na sikumpigia simu mtu yeyote wa mashine kumwambia, "Nina mgonjwa ambaye huenda nikamhitajia kitanda chako kabla ya alfajiri." Nilipopiga, ilikuwa saa saba na dakika kumi. Muuguzi wa mashine alikuwa amelala nyumbani kwake. Alikuja mbio, akafungua chumba, akaandaa maji na vichujio, na damu ya kwanza iliingia kwenye mashine saa tisa kasoro dakika kumi. Saa moja na dakika arobaini. Lakteti nayo, ambayo niliandika irudiwe baada ya saa sita, ilipaswa kurudiwa baada ya mbili.

Katika saa ile moja na dakika arobaini mambo matatu yalitokea.

La kwanza ni pumzi. Mama alianza kuchoka, akawa anasinzia katikati ya sentensi, akatapika akiwa amelala chali, na ikawa hakuna budi kumwekea bomba la kupumulia. Nilimpigia daktari mwenzangu aliyenitangulia kwa miaka mingi, naye akaniambia neno moja ambalo nimelirudia kwa kila daktari kijana tangu usiku ule: "Usimnyang'anye pumzi zake kabla hujawa tayari kumpa nyingine kama hizo." Alikuwa na maana hii. Mgonjwa anayepumua mara 36 kwa kina anajizuia mwenyewe asife. Ukimlaza kwa dawa za usingizi na kulegeza misuli, kisha ukaweka mashine ya kupumulia katika mara 14 za kawaida, hewa ya kaboni itapanda kwa dakika chache, pH itaporomoka, na moyo unaweza kusimama mikononi mwako. Basi tuliandaa kila kitu kwanza, dawa ya presha ikiwa inaingia, muuguzi akiwa ameshika mfuko wa kupulizia. Bomba lilipoingia hakungoja niseme, alianza kupuliza haraka, akihesabu kwa midomo. Nikaweka mashine mara 34. Pamoja na hayo yote pH iliyofuata ilikuwa 6.98, na lakteti 22.

La pili ni yale ya kununua muda. Tuliongeza vasopresini, uniti 0.03 kwa dakika, ambayo hupita mlango tofauti na wa noradrenalini na kwa hiyo haizuiwi na asidi kwa kiasi kilekile. Tulimpa haidrokotisoni, ambayo husaidia mishipa kuitikia dawa za presha, miligramu 50 ya kurudiwa kila saa sita. Adrenalini niliiacha iwe ya mwisho, kwa kuwa yenyewe hupandisha lakteti na ingenichanganya nisijue ninachokipima. Baikaboneti ya mshipani nilitoa, ingawa si kwa imani kubwa: hugeuka hewa ya kaboni ambayo lazima itolewe kwa kupumua, hushusha kalisiamu, na humjaza mgonjwa chumvi. Ilinisaidia nisishuke zaidi wakati mashine inaandaliwa, basi.

Kisha nikaomba methilini bluu. Ni rangi, kwa maana halisi ya neno. Iligunduliwa mwaka 1876 kwa ajili ya kupaka nguo, na mwaka 1891 Paul Guttmann na Paul Ehrlich waliijaribu kwa wagonjwa wa malaria. Katika mshtuko wa mishipa kazi yake ni kuziba njia ambayo naitriki oksaidi huitumia kuiamuru mishipa ilegee. Kabla ya kuitoa kuna maswali ambayo hayarukwi. Nilitoka nikamkuta binti yake amesimama kwenye korido, nikamuuliza kama mama anatumia dawa yoyote ya sonona, kwa sababu methilini bluu ikikutana na baadhi ya dawa hizo inaweza kuleta sumu ya serotonini ambayo nayo huua. Akaumwaga mkoba wa mama yake wote sakafuni, akapiga magoti, akasoma kila paketi kwa sauti. Hakukuwa nayo. Nikauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuambiwa ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, maana kwa watu hao rangi hii huvunja chembe nyekundu za damu. Akasema hajawahi kusikia.

Akiwa bado chini, akiyakusanya yale mapaketi, aliniuliza, "Daktari, si mama alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea, mwanangu," nilimjibu. "Dawa hii huchelewa. Alipokuwa anaongea na wewe ilikuwa bado inaingia." Nilimweleza kwamba mama yake anaweza kufariki usiku ule, na pia kwamba wapo wagonjwa wa dawa hii waliopona kutoka kwenye asidi ambayo kwa ugonjwa mwingine tungekuwa tumekwisha kufunga faili. Yote mawili yalikuwa kweli, na niliona ana haki ya kuyasikia yote mawili.

Methilini bluu iliingia polepole kwa nusu saa, miligramu 1.5 kwa kila kilo. Dakika ya tano oksijeni kwenye kioo ilianguka kutoka 98 hadi 83, na daktari kijana aliyekuwa nami akaruka kuongeza oksijeni. Nilimshika mkono. Kile kifaa cha kidoleni hupima kwa mwanga, na mwanga hauwezi kutofautisha damu isiyo na oksijeni na damu yenye rangi ya bluu. Tulipima gesi za damu, oksijeni ilikuwa nzuri kabisa. Midomo ya mama ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na mkojo kidogo uliobaki kwenye mfuko ukaanza kuwa wa kijani, kisha bluu kama wino. Dawa ilipomalizika presha ya wastani ilikuwa 61, na kwa mara ya kwanza usiku ule tulipita dakika ishirini bila mtu kunyoosha mkono kupandisha noradrenalini.

Niseme wazi kwamba sitaki mtu aifanye methilini bluu kuwa shujaa wa habari hii. Matumizi yake kwa sumu ya metformini yanategemea zaidi taarifa za mgonjwa mmojammoja kama huyu wangu, na katika kila taarifa mgonjwa alikuwa anapewa mambo mengine kadhaa kwa wakati uleule. Haiondoi metformini wala asidi. Ilitupatia muda, na muda ule ulikuwa na maana kwa sababu mashine ilikuwa inakuja.

La tatu ni ubishi. Mwenzangu wa kitengo cha figo aliposikia presha ya mgonjwa alisita, na kusita kwake kulikuwa na hoja, kwa sababu damu ikitolewa nje ya mwili presha huweza kushuka zaidi, na kila mmoja wetu amewahi kumwona mgonjwa wa figo akizimika kwenye kiti cha mashine. Alitaka tumpandishe presha kwanza. Nilimwambia kwamba haitapanda kwanza, kwamba mashine ndiyo dawa ya presha yenyewe, na kwamba tukingoja afae kwa mashine tutangoja hadi tusiwe na mgonjwa. Tulikubaliana namna: bila kuvuta maji yoyote mwilini, mwendo wa damu uanze taratibu, noradrenalini na vasopresini ziendelee, na mimi nisiondoke kando ya kitanda. Tulichagua usafishaji wa kawaida wenye nguvu badala ya ule wa polepole wa saa ishirini na nne, kwa sababu ule wa kwanza huondoa dawa haraka zaidi kwa kila saa. Wa polepole ni mbadala halali pale ambapo mwingine haupo au presha haikubali kabisa.

Saa ya kwanza ilikuwa mbaya. Presha iliyumba kati ya 52 na 60, na mwenzangu alinitazama bila kusema. Sukari ikashuka hadi 3.1, tukampa glukosi. Joto la mwili lilikuwa 34.2, tukamfunika kwa blanketi la hewa ya moto. Saa ya pili pH ikasoma 7.12. Saa kumi na mbili asubuhi, baada ya saa tatu na kidogo za mashine, pH ilikuwa 7.24 na lakteti 13, na muuguzi akaniambia ameshapunguza noradrenalini mara tatu bila kuniamsha, maana nilikuwa nimesinzia nikiwa nimeketi. Dawa ileile, kwa kiwango cha chini ya nusu ya kile kilichoshindwa usiku, sasa ilikuwa inashikilia presha ya 68. Mishipa ilikuwa imeanza kusikia.

Tulimwacha kwenye mashine kwa saa nane, na baada ya kusimama tulipima lakteti kila saa mbili, kwa sababu metformini hujificha ndani ya tishu na chembe za damu na hurudi kwenye damu baada ya mashine kuzimwa. Kweli, ilipanda tena kutoka 4 hadi 7 jioni yake, akarudishwa kwa awamu ya pili. Tulisimama kabisa lakteti ilipokuwa chini ya 3 na pH juu ya 7.35.

Miezi michache baadaye nililetewa mzee ambaye hakuwa amezidisha hata kidonge kimoja. Alikuwa ameharisha siku tano, hakunywa maji ya kutosha, na mkewe alikuwa amemhudumia kwa uaminifu wote: "Nilihakikisha hakosi dozi yake, daktari." Figo zilikuwa zimekauka, metformini ikajilimbikiza siku baada ya siku, na alipofika presha ilikuwa 78, lakteti 14, anapumua vilevile. Sukari ilikuwa ya kawaida. Nilipiga simu ya mashine nikiwa na karatasi ya kipimo cha kwanza mkononi, na alikuwa ameunganishwa kabla ya kuhitaji bomba la kupumulia. Yule mkewe nilizungumza naye kwa muda mrefu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mgonjwa wa kisukari anayetapika, kuharisha au kushindwa kula na kunywa anapaswa kuwasiliana na kituo chake na kwa kawaida kusimamisha metformini hadi apate nafuu. Nilikuwa nimeiandika dawa hii kwa mamia ya watu, na nikijiuliza ni wangapi niliowaambia sentensi hiyo, jibu halinipendezi. Siku hizi naiandika kwenye karatasi pamoja na dozi.

Wala sitaki msomaji anayetumia metformini aiache kwa kusoma haya. Ndugu yake wa zamani, fenformini, ilisababisha asidi hii mara nyingi kiasi kwamba iliondolewa katika nchi nyingi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Metformini, ambayo Jean Sterne aliiandikia taarifa ya kwanza ya matumizi kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957, imebaki kwa sababu kwa kipimo chake, kwa mtu mwenye figo zinazofanya kazi, ni salama na inafaa. Ila aliyemeza zaidi ya kipimo, kwa bahati mbaya au kwa uchungu wa moyo, aende hospitali saa ileile, hata kama anajisikia mzima, na aende na paketi.

Mama tulimtoa bomba siku ya tatu. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, akaomba maji, kisha akatazama juu ya bega langu na kusema, "Saa nne na robo." Figo zake zilichukua wiki mbili kurudi. Katika wiki hizo daktari wa afya ya akili alikaa naye mara tano, mara mbili pamoja na binti yake, na yaliyosemwa humo si yangu kuyasimulia. Aliporuhusiwa hakurudishiwa metformini, tulimpa insulini ya dozi ndogo mara moja kwa siku. Dawa hiyo nayo ina hatari yake, na tulilizungumza hilo waziwazi, sisi watatu. Binti yake ndiye aliyeitunza, akampa mama sindano moja kila jioni, na kila Ijumaa walikuja kliniki pamoja.